Mlima Unaoanza kwa Kushuka: Matembezi ya Familia katika Kisiwa cha Réunion

Katika milima mingi tuliyoizoea, iwe Uluguru au Kilimanjaro, mtu hupanda akiwa na nguvu na hushuka akiwa amechoka. Mtoto akigoma njiani, mzazi hugeuka naye, na mteremko huwasaidia wote wawili. Kisiwa cha Réunion kinaugeuza mpangilio huo. Njia nyingi zinazopendwa na familia huko huanza kwa kushuka, na safari ya kurudi ndiyo huwa kupanda. Asiyelitafakari jambo hili kabla ya kuondoka hulitambua saa nane mchana, mtoto akiwa mgongoni na ukuta wa mwamba ukiwa mbele yake.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wazazi wanaopanga safari ya namna hiyo, na kwa ajili ya wahudumu wa afya wanaoulizwa kliniki: je, mtoto wangu mwenye pumu anaweza kwenda? Je, bibi yake atafika?

Réunion ni kisiwa cha Bahari ya Hindi kilichopo mashariki mwa Madagaska, nacho ni mkoa wa Ufaransa tangu mwaka 1946. Eneo lake ni kilometa za mraba 2,512 hivi, lakini kilele chake, Piton des Neiges, kinafikia mita 3,070. Upande wa kusini mashariki ipo volkeno iliyo hai, Piton de la Fournaise, yenye mita 2,632. Katikati ya kisiwa, maporomoko na mmomonyoko vimechimba mabonde matatu makubwa ya mviringo, Salazie, Cilaos na Mafate, ambayo kuta zake zimesimama wima kama kuta za kisima. Mafate haina barabara ya gari hata moja. Wakazi wake hutembea kwa miguu, na mizigo mingi huletwa kwa helikopta.

Njia ninayowapendekezea wanaoanza ni ile ya Formica Leo, kasoko ndogo yenye rangi ya kutu iliyopo chini ya volkeno. Gari hufika hadi Pas de Bellecombe, mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo familia hushuka ngazi zaidi ya 500 zilizojengwa kwenye ukuta wa mwamba, kisha hutembea kidogo juu ya lava iliyoganda hadi kwenye kasoko. Nilipopita hapo na binti yangu wa miaka 6, alihesabu ngazi kwa sauti wakati wa kushuka, akacheka kila alipokosea. Wakati wa kupanda aliacha kuhesabu kabla ya kufika 60. Hakuwa mgonjwa. Misuli ya mapaja ilikuwa imekwisha kutumika katika kushuka, kwa maana kila hatua ya mteremko humlazimu mtu kuzuia uzito wa mwili wake usianguke. Ndiyo sababu mtu mzima mwenye maumivu ya magoti naye huumia zaidi akishuka kuliko akipanda. Fimbo mbili za kutembelea humpunguzia mzigo.

Njia ya pili, ndefu zaidi, huanzia Col des Bœufs na kuingia Mafate hadi kijiji cha La Nouvelle. Njiani hupitia Plaine des Tamarins, msitu wa miti iliyopinda, ambao watoto huupenda kuliko mahali pengine pote. Kijijini zipo nyumba za kulala wageni. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka 10, mimi hushauri walale huko na kurudi asubuhi. Kwenda na kurudi siku moja kunawezekana kwa watu wazima. Kwa mtoto ni kumdai deni asiloweza kulilipa.

Kipimo changu ni rahisi. Nguvu za mtoto zigawanywe mafungu matatu: moja la kushukia, mawili ya kurudia. Ikiwa mnajua kwamba mtoto wenu hutembea saa tatu bila kulia, geukeni baada ya saa moja, hata kama mnachokitafuta kinaonekana kwa macho. Saa ya kugeuka ipangwe nyumbani, itajwe mbele ya wote, na isijadiliwe tena mlimani. Tena safari ianze alfajiri, kwani katika milima hiyo anga huwa safi asubuhi, kisha mawingu hupanda kutoka baharini kabla ya adhuhuri. Mawingu hayo hayafichi mandhari tu. Huzuia pia helikopta ya waokoaji, ambayo huitwa kwa namba 112.

Baridi inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu wageni kutoka pwani zenye joto huidharau. Joto hupungua takribani nyuzi 6 za selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Familia iliyoacha nyuzi 25 ufukweni hukuta nyuzi 11 hivi Bellecombe, mbali na upepo. Mwili wa mtoto ni mdogo, ngozi yake ni nyingi kwa kulinganisha na uzito wake, na akiba yake ya nishati ni haba. Hupoa upesi kuliko baba yake. Aliye hatarini zaidi ni mtoto mchanga anayebebwa. Mzazi anatoka jasho na kudhani mtoto naye ana joto, kumbe mtoto hajisogezi hata kidogo, na miguu yake inaning'inia kwenye upepo. Kila nusu saa mpapase kifuani na miguuni. Mtoto mkubwa anayetetemeka, kisha akanyamaza, akajikwaa na kutaka kulala, tayari anapoteza joto la mwili. Mvueni nguo zilizolowa, mkumbatieni ngozi kwa ngozi ndani ya koti, na akiwa na fahamu timamu mpeni kinywaji chenye sukari. Msimsugue mikono na miguu. Kutetemeka kukikoma ilhali bado ni wa baridi, hiyo ni dharura.

Jua nalo huwaka licha ya baridi. Mionzi inayounguza ngozi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo kofia na mikono mirefu ni lazima. Maji yanywewe mafunda machache kila dakika 20, bila kungoja kiu.

Msimu unaofaa ni kati ya Mei na Novemba. Baada ya hapo huja vimbunga. Mnamo Januari 1966, huko Foc-Foc kwenye miinuko ya volkeno, zilinyesha milimita 1,825 za mvua kwa saa 24, kiasi ambacho hakijawahi kuzidishwa katika vipimo vya dunia kwa muda huo. Mvua inaweza kunyesha juu ilhali mlipo ni pakavu; msiwaache watoto wacheze kwenye vitanda vya mito, na msivuke maji yaliyoanza kubadilika rangi.

Sasa niwarudie wahudumu wenzangu. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kwenda, mradi dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mzazi, si kwenye begi lililoachwa garini. Mwenye selimundu ni suala jingine. Bellecombe kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ufukweni, na baridi, uchovu na upungufu wa maji huweza kumletea maumivu makali. Huyo azungumze na kliniki yake kwanza, na kwa maoni yangu achague njia za chini. Kilele cha Piton des Neiges si cha mtoto mdogo, hata mzima wa afya.

Kisiwa hicho hakina maambukizi ya malaria ya kienyeji tangu miaka ya 1970, lakini familia ikirudi na homa msiishie kwenye kipimo cha malaria. Ulizeni walikotembea. Aliyeoga mtoni au kukanyaga tope akiwa na malengelenge miguuni anaweza kuwa na ugonjwa wa leptospira, utokanao na mkojo wa wanyama, hasa panya; dalili zake mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili. Aliyeumwa na mbu mchana, kisha akapata homa na viungo vikakakamaa, huenda ana chikungunya, iliyowapata zaidi ya theluthi moja ya wakazi wa Réunion mwaka 2005 na 2006. Hadi homa ya dengi itakapoondolewa katika mashaka, apewe parasetamoli, asipewe aspirini wala ibuprofeni. Jina chikungunya halikutoka Réunion. Ni neno la Kimakonde, la kumweleza mgonjwa aliyepindwa na maumivu, lililopewa ugonjwa huo baada ya mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika.