Kuoanisha bomba la sindano na pampu yake

Boksi la mabomba ya sindano likifika wodini na nembo ngeni, mara nyingi halimshtui mtu. Bomba ni bomba: lina alama za mililita, lina pistoni, lina mdomo wa kuungia mrija. Kwa sindano ya kuchoma kwa mkono, hayo yanatosha. Lakini bomba hilo likienda kukaa kwenye pampu inayomsukumia mgonjwa dawa polepole usiku kucha, nembo iliyobadilika inaweza kubadilisha dozi hata kama hakuna aliyegusa namba kwenye skrini.

Katika hospitali zetu jambo hili ni la kila siku. Pampu nyingi zimeletwa kwa misaada, kila moja na nchi yake, na kila moja inayajua mabomba ya kwao tu. Mabomba nayo hununuliwa kwa zabuni, na mshindi wa zabuni akibadilika, nembo nayo hubadilika. Ndipo watu huanza kutafuta adapta, au kutengeneza ya kwao kwa plasta na vipande vya boksi. Kabla ya kufika huko, tuelewe kwanza pampu inafanya nini.

Pampu haipimi dawa, inapima mwendo

Ndani ya pampu ya sindano kuna mota inayozungusha skrubu ndefu, na skrubu hiyo inasogeza mkono unaosukuma pistoni. Pampu inajua mkono umesogea milimita ngapi. Haijui dawa kiasi gani imetoka. Inakadiria tu, kwa kutumia mwendo huo na kipenyo cha ndani cha bomba kilichoandikwa kwenye kumbukumbu yake.

Chukua mabomba mawili ya mililita 50, moja lenye kipenyo cha ndani cha milimita 26.7 na jingine cha milimita 29. Kwa macho hutaona tofauti kubwa. Lakini pistoni ikisogea milimita moja, la kwanza linatoa mililita 0.56 na la pili mililita 0.66. Ukiweka hilo pana huku pampu ikiamini ni lile jembamba, mgonjwa anapata dawa zaidi kwa takriban asilimia 18. Umeandika mililita 5 kwa saa, yeye anapokea karibu 5.9. Ukikosea kinyume chake, anapungukiwa.

Kwa maji ya chumvi tofauti hiyo haina uzito. Kwa noradrenalini, insulini, magnesiamu salfeti ya mama mwenye kifafa cha mimba, au dawa ya mtoto njiti, ina uzito mkubwa. Ukiona shinikizo la damu la mgonjwa linapanda au kushuka kila bomba linapobadilishwa, usikimbilie kulaumu dawa. Angalia kwanza kama bomba jipya na lililotoka ni ya nembo moja.

Historia inatukumbusha gharama ya kusahau kwamba pampu hupima mwendo. Uingereza ilitumia kwa miaka mingi pampu mbili ndogo za Graseby zilizofanana sana. MS16A, ya buluu, iliwekwa kwa milimita kwa saa. MS26, ya kijani, kwa milimita kwa saa 24. Aliyezichanganya aliweza kumpa mgonjwa dozi ya siku nzima kwa saa moja, na wagonjwa walikufa. Desemba 2010 wakala wa usalama wa wagonjwa wa nchi hiyo uliagiza hospitali ziachane na pampu za aina hiyo na kuhamia zile zinazowekwa kwa mililita kwa saa. Pampu za leo zinaonyesha mililita kwenye skrini, lakini ndani yake bado ni milimita zinazohesabiwa.

Bomba lazima likubali mara tatu

Likubali kukaa: masikio ya bomba yaingie kwenye mfereji wake, kibanio kishike mwili, na mkono wa pampu ukamate kitako cha pistoni bila nafasi.

Likubali kutambuliwa: nembo na ukubwa wake viwe kwenye orodha ya pampu, na wewe uvichague. Pampu nyingi husoma unene wa nje wa bomba kupitia kibanio, kwa hiyo zinaweza kutofautisha la 20 na la 50. Mabomba mawili ya 50 ya nembo tofauti zinayachanganya. Hapo ni jicho lako tu.

Likubali kuungwa: mdomo uwe wa kujifunga kwa kuzungusha, yaani Luer Lock, si ule wa kuchomeka tu. Mrija ukiziba, pampu huendelea kusukuma hadi kengele ilie, na mdomo wa kuchomeka unaweza kuchomoka kabla ya hapo.

Adapta ya kushikilia bomba inatatua sharti la kwanza peke yake. Bomba litakaa vizuri, pampu itawasha taa ya kijani, na hesabu itabaki mbovu vilevile.

Hatua za kitandani

1. Soma nembo na ukubwa kwenye mwili wa bomba lenyewe, usitegemee boksi. Maboksi huchanganywa stoo.

2. Chagua ukubwa unaolingana na kasi. Kwa kasi ndogo, tumia bomba dogo. Bomba la 50 likienda polepole sana, pistoni karibu haisogei: dawa huchelewa kuanza, na mrija ukiziba kengele huchelewa kulia. Kwa mtoto mchanga ucheleweshaji huo unaweza kuwa wa dakika nyingi.

3. Jaza dawa, toa hewa, jaza mrija, kisha funga klempu ya mrija.

4. Weka pampu usawa wa moyo wa mgonjwa, au karibu na hapo. Usiitundike juu ya kichwa chake.

5. Ingiza masikio ya bomba kwenye mfereji, shusha kibanio, sogeza mkono hadi ushike kitako cha pistoni. Jaribu kuitikisa pistoni kwa kidole. Ikicheza, hujamaliza.

6. Chagua nembo na ukubwa kwenye skrini, kisha mwenzako asome bomba na skrini kwa sauti. Kwa dawa kali, macho manne ndiyo kanuni.

7. Kabla ya kumuunganisha mgonjwa, fungua klempu na bonyeza kitufe cha kusukuma haraka hadi tone litokee kwenye ncha ya mrija. Hatua hii inaondoa ulegevu uliobaki kati ya mkono na pistoni. Bila hiyo, pampu itahesabu mililita ambazo hazijatoka.

8. Muunganishe mgonjwa, anzisha, na urudi baada ya dakika 15 kulinganisha alama ya pistoni na namba ya skrini.

Wakati wa kubadilisha bomba, funga klempu au koki kabla ya kugusa kibanio. Hili halina msamaha. Pistoni ikiwa huru na pampu ikiwa juu ya mgonjwa, uzito wa dawa ndani ya mrija unaivuta pistoni wenyewe, na bomba zima linaweza kumwagika mwilini bila mota kugeuka hata mara moja. Mrija wenye vali ya kuzuia mvuto huo unasaidia, lakini haufanyi kazi ya klempu.

Nembo ikikosekana kwenye orodha

Usichague "inayofanana". Mpangilio wa orodha hauna uhusiano wowote na vipenyo, na jina lililo jirani kwenye skrini linaweza kuwa na tofauti ya asilimia 18 tuliyoiona. Fanya moja kati ya haya.

Tafuta ukubwa mwingine. Huenda nembo yako ya 50 haimo lakini ya 20 imo. Utabadilisha bomba mara nyingi zaidi, ila dozi itakuwa ya kweli.

Hamisha pampu. Wodi ya jirani inaweza kuwa na pampu inayoitambua nembo hiyo.

Mwite fundi wa vifaa tiba. Baadhi ya pampu huruhusu bomba jipya kuingizwa kwenye kumbukumbu kupitia menyu ya fundi, kwa maelekezo ya kitabu cha mtengenezaji. Ni kazi ya fundi mchana, yenye vipimo na saini. Kamwe isifanywe kwa kubahatisha katikati ya zamu ya usiku.

Yote hayo yakishindikana, rudi kwenye dripu inayohesabiwa matone, na daktari aagize upya kwa njia hiyo. Dripu inayosimamiwa kwa makini ni salama kuliko pampu inayosema uongo.

Kupima kwa maji

Kipimo hiki kinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya bila kifaa cha bei. Jaza bomba maji safi, lifunge kwenye pampu, chagua nembo, na sukuma haraka hadi maji yatoke. Weka kikombe kidogo kilichopimwa uzito kwenye mizani ya famasi. Maji yakiingia humo, endesha pampu kwa mililita 30 kwa saa kwa dakika 20, kisha pima tena. Mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja hivi, kwa hiyo unatarajia gramu 10. Ukipata 11.8, bomba ni pana kuliko pampu inavyoamini. Ukipata 8.5, ni jembamba. Linganisha na kiwango cha kosa kilichoandikwa kwenye kitabu cha pampu. Nyingi hutaja kati ya asilimia 2 na 5.

Rudia mara tatu, kisha rudia kwa kasi ndogo mnayoitumia zaidi. Andika tarehe, namba ya pampu, nembo ya bomba na matokeo. Pampu na bomba vikifaulu pamoja, bandika karatasi juu ya pampu: nembo na ukubwa unaoruhusiwa, na hakuna mwingine.

Adapta: ipi itumike, ipi ikataliwe

Mahali ambapo adapta ina kazi halali ni kwenye mashine za kusukuma dawa ya kuonyesha mishipa katika CT. Pale dawa huingia kwa mililita 3 hadi 5 kwa sekunde, na shinikizo linaweza kuruhusiwa kufika psi 300, mara kumi hivi ya upepo wa tairi la gari dogo. Watengenezaji huuza mabamba ya mbele yanayobadilishwa ili mashine ipokee mabomba ya ukubwa tofauti, au yale yaliyojazwa dawa kiwandani. Kabla ya kununua, uliza mambo manne: adapta imetajwa kwenye kitabu cha mashine hii? Mashine itajua kwamba bomba limebadilika, au mtu ndiye aiambie? Bomba limeandikwa kuhimili shinikizo gani? Na adapta ni ya mara moja au ya kusafishwa? Muuzaji akishindwa kujibu moja, usinunue.

Kabla ya kila mgonjwa, itazame adapta kwenye mwanga. Ufa mdogo kama unywele unavujisha dawa au unaingiza hewa, na hewa ikisukumwa kwa kasi hiyo kwenye mshipa inaweza kuua. Bomba la kawaida la wodini lisitumike kamwe kwenye mashine hii, hata kama mdomo wake unaingia.

Kwa pampu za wodini, kataa adapta za kienyeji. Plasta iliyozungushwa kwenye bomba ili lisicheze inaongeza unene wa nje, na kibanio kinaweza kulisoma kama bomba kubwa zaidi. Kipande cha boksi chini ya masikio hulowa, hulegea, na kuacha nafasi ya pistoni kuvutwa. Mwenzetu anayefanya hivyo anataka kumwokoa mgonjwa, na nia hiyo naiheshimu. Mpe njia bora badala ya kumkemea.

Kazi ya wiki hii

Pitia wodi yako ukiandika kila pampu, modeli yake, na nembo za mabomba inazozitambua. Orodha ya namna hiyo huchukua asubuhi moja. Tafuta nembo moja au mbili zinazoonekana kwenye pampu nyingi zaidi. Ipeleke orodha kwa mfamasia na kamati ya manunuzi, na uombe maombi ya mabomba ya 20 na 50 yataje nembo hizo pamoja na kiwango cha ISO 7886-2, ambacho ni cha mabomba yanayotumika kwenye pampu. Mfadhili akija na pampu mpya, muulize inatambua mabomba gani kabla hujasaini kuipokea.

Tukio likitokea, hata lisipomdhuru mtu, liripoti: Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania, Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Tunza bomba, mrija na adapta bila kuviosha, na uandike nembo na namba ya toleo.

Muuguzi wa zamu ya usiku mwenye wagonjwa kumi na wawili hapaswi kuwa mtu wa kwanza kugundua kwamba bomba halilingani na pampu. Ugunduzi huo ni wa mezani kwa wanunuzi, mchana, huku orodha ikiwa mbele yao. Ukiwapelekea orodha hiyo, utakuwa umewasaidia wagonjwa wengi kuliko adapta yoyote utakayoipata.