Dondoo muhimu: Mvua na kilo za majani chai

Una risiti zako za kituo cha kununulia majani hapa Mogogosiek? Ziandike kilo za miezi 24 kando ya milimita za mvua, uchore nukta kwanza, ndipo ukokotoe r, kipimo cha uhusiano kati ya mvua na kilo, ambacho huwa kati ya -1 na +1. Chai huchelewa kuitikia mvua. Kwa hiyo linganisha pia mvua ya mwezi huu na kilo za mwezi ujao. Mwezi mmoja wa mvua ya mawe (na huku tunaijua sana) waweza kuivuruga r ya kawaida, ile ya Pearson, basi jaribu ya Spearman, inayotumia nafasi za miezi kwa mpangilio badala ya kiasi chenyewe. Ukipata r ya Pearson ya 0.7, mvua inaeleza asilimia 49 tu ya tofauti za kilo, si 70. Na kama mbolea huwekwa mvua ikianza, usiipe mvua sifa zote.