Baiskeli ya Umeme Kwenye Njia ya Waenda kwa Miguu

Kabla ya kuipandisha baiskeli ya umeme kwenye njia ya waenda kwa miguu mtaani kwako Marekani, soma kibandiko kilicho kwenye fremu. Majimbo mengi yanazigawa baiskeli hizi katika madaraja matatu. Daraja la 1 husaidia pale tu unapopiga pedali, na msaada hukatika ukifikisha maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. La 2 lina kikomo hichohicho, ila linaweza kukupeleka bila kupiga pedali. La 3 husaidia hadi maili 28, karibu kilomita 45. Wazazi, hapa tuwe makini: chombo kisicho na pedali, au chenye mota inayozidi wati 750, katika majimbo mengi si baiskeli tena, hata muuzaji akikiita hivyo. Mwanao asikipeleke walipo waenda kwa miguu.

Ukishajua daraja, tafuta sheria ya jimbo, kisha kanuni za mji wenyewe. Usitegemee neno la ndugu anayeishi kwingine. Mjini New York mtu mzima haruhusiwi kuendesha baiskeli juu ya njia hiyo. Wanaoruhusiwa ni watoto wa miaka 12 kushuka chini, tena wenye baiskeli ya magurudumu yasiyofika inchi 26. Sheria ya Ohio inakubali baiskeli ya umeme iwapo mota haifanyi kazi. Jimbo la Washington linalizuia daraja la 3, isipokuwa pale njia hiyo ni sehemu ya njia ya baiskeli na hakuna pengine pa kupita. Tovuti ya mji huwa na kanuni hizi, na miji mingi mikubwa hujibu maswali kwa namba 311.

Mahali panaporuhusiwa, hatari kubwa ipo pale magari yanapotoka majumbani. Dereva anayerudi nyuma anatarajia mtu wa kutembea, wa kilomita tano hivi kwa saa. Ukija kwa 20, anatazama na hakuoni, na sekunde chache baadaye uko nyuma ya gari lake. Ua au gari lililoegeshwa likikuziba, hali ni mbaya zaidi. Kwa hiyo punguza kila unapokaribia lango, vidole vikiwa kwenye breki zote mbili, na usipite mpaka umeona uso wa dereva umekugeukia.

Usiende kinyume na mwelekeo wa magari. Marekani magari hupita kulia, na dereva anayeingia barabarani kwa kukata kulia hukazia macho kushoto, yanakotoka magari. Wewe ukitokea kulia kwake, hana habari nawe.

Weka msaada wa mota katika kiwango cha chini kabisa, au uzime. Baadhi ya mota huendelea kusukuma kitambo kidogo baada ya miguu kutulia, na baiskeli yenyewe mara nyingi ina kilo 20 hadi 30. Uzito huo ukimgonga bibi aliyebeba mifuko ya sokoni, anavunjika. Ukimfikia mtu kwa nyuma, piga kengele ukiwa bado mbali, lakini usidhani amesikia. Wengi wana spika masikioni, na wazee wengine hawasikii vizuri. Fuata nyuma yake kwa mwendo wake hadi akupishe. Panapobana, au penye kituo cha basi na watoto wanaotoka shule, shuka usukume. Baiskeli nyingi zina kitufe cha kusaidia kusukuma, ambacho hupunguza taabu ya mlima.

Helmeti ivaliwe kila safari, hata kama sheria ya kwenu hailazimishi. Taa ziwashwe mbele na nyuma jioni.

Na muulize wakala wako wa bima kama bima uliyo nayo inalipa endapo utamjeruhi mtu ukiwa juu ya baiskeli ya umeme. Omba jibu kwa maandishi.