DARSA LA RAMADHANI – SIKU YA 17: Mama akiondoka, nani atabaki naye?



Ndugu zangu waumini wa Kitaya na vijiji jirani, leo tuongee jambo ambalo limo majumbani mwetu ila hatulisemi. Tunao ndugu waliozaliwa na ulemavu wa akili. Sasa wana miaka 50, wengine 60. Wana mvi, na mtaani bado wanaitwa "yule mtoto". Anayewalea ni mama, naye keshakuwa bibi, mgongo umeinama. Kila usiku analala na swali moja: nikifa, nani atabaki naye?

*1. Mtume (s.a.w.) alifanyaje?*
Katika Sahih Muslim, Anas (r.a.) anasimulia habari za mwanamke aliyekuwa na tatizo la akili. Alimwambia Mtume kuwa ana haja naye. Mtume hakumfukuza wala hakumtuma mtu mwingine amsikilize. Alimwita kwa jina la heshima, mama wa fulani, akamwachia achague njia anayoitaka, akasimama naye mpaka haja yake ikaisha. Alimpa heshima, akampa na muda wake. Sisi je, tunawaita nani? Zezeta? Taahira? Mtu wa miaka 60 ni mzee, anastahili shikamoo.

*2. Mali yake ni amana.*
Suratun-Nisaa aya ya 5 inatufundisha kuwa asiyeweza kusimamia mali atunziwe, alishwe na avishwe kwayo, na aambiwe maneno mema. Al-Baqara aya ya 282 inamtaka walii wake amwakilishe kwa uadilifu. Sasa tazama yanayotokea: mama anafariki, mikorosho inagawanywa, fungu lake linaambiwa "atakula kwa kaka". Msimu unakuja, pesa zinaingia, yeye shati ni lile lile. Jamani, ulemavu hauondoi haki ya mirathi. Fungu lake liandikwe mbele ya mashahidi, mama akiwa hai walii ajulikane.

*3. Naye anazeeka.*
Akianza kugoma kula, kupiga kelele au kujikojolea, tusikimbilie kusema "jini limepanda". Huenda ni jino, mtoto wa jicho, au masikio yamepungua nguvu, na hana maneno ya kusema. Wenye hali ya Down huzeeka mapema. Kusahau kwa uzee kunaweza kuwaanza hata kwenye miaka ya 40 na 50. Mpelekeni zahanati, na aende naye mtu anayemjua, amweleze mganga alikuwaje zamani na nini kimebadilika.

*4. Funga na zaka.*
Asiyeelewa kabisa hana dhambi akila mchana, wala hadaiwi kulipa. Anayeelewa na mwili unaweza, tusimnyime ibada yake, tumwamshe daku. Anayemeza dawa za kifafa asikatishwe dozi. Waulizeni wahudumu wa afya kwanza. Zakatul-fitri yake inatolewa kama ya mtu mwingine yeyote wa nyumbani.

Tuliopitia Oktoba 2020, kijiji chetu kilipovamiwa, tunajua maana ya kukimbia na kuacha kila kitu. Mwenye miguu na akili timamu alijiokoa. Asiyejua kwa nini watu wanakimbia anahitaji mtu aliyepangwa tangu mapema kumshika mkono.

*Amali ya leo:*
✅ Mfikirie mmoja wa aina hii mtaani kwako. Mpelekee futari, kaa ule naye.
✅ Mpumzishe mama yake japo saa moja, aende tarawehe.
✅ Wanafamilia, wajomba mkiwemo, kaeni kabla ya Idi mtaje walii na wa akiba yake. Mkikwama, muoneni imamu au afisa ustawi wa jamii.

Ewe Mola, walinde wanyonge wetu, wape afya mama zao, na usitujaalie kuwa watu wa kula amana. Aamin.

Mfikishie na mwenzio. Ramadhani karim.