AYALA ANA KALENDA YAKE

Leo nakuletea somo la mnyama ambaye huenda hujawahi kumwona, lakini usifungue ukurasa mwingine kwanza. Lina faida hata kwa mwenye mbuzi mmoja.

Mwaka jana mbuzi wetu wawili walizaa mwezi wa Agosti. Hapa kwetu Kajiado nyasi zilikuwa zimekauka zikawa kama ufagio. Maziwa hayakutoka, na wanambuzi wote watatu wakafa katika wiki moja. Nyanya alikuwa ameahidi kuwauza wakikua ili anilipie karo. Alisema ni bahati mbaya tu, nami nikaamini. Kisha mwalimu wetu wa Kilimo akatupa kazi ya kuandika juu ya mnyama ambaye hatujazoea kumfuga. Nikachagua ayala wa Nyuzilandi.

Kwanza jina. Wengi humwita kulungu au paa, lakini hao ni jamaa ya swala, na pembe zao hazing'oki. Ayala dume hudondosha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine.

Ayala wekundu walipelekwa Nyuzilandi kutoka Uingereza kuanzia mwaka wa 1851, ili watu wapate wa kuwinda. Kwa kuwa huko hakuna simba wala chui, waliongezeka mno hata serikali ikaajiri watu wa kuwaua. Mwaka wa 1969 sheria ikaruhusu wafugwe. Wakulima walijua kondoo, si ayala. Ndipo wataalamu wa kituo cha Invermay, karibu na mji wa Dunedin, wakaanza kuwachunguza miaka ya 1970.

Waligundua nini? Kwamba ayala ana kalenda yake. Kumbuka huko baridi ni Juni hadi Agosti. Mwezi wa Machi na Aprili dume hushughulika na majike, karibu asahau kula, akakonda vibaya sana. Baridi ikiingia, hamu yake ya chakula hupungua hata ukimjazia hori. Si ugonjwa! Urefu wa mchana ndio unaouongoza mwili wake. Siku zikianza kurefuka, anakula kwa pupa na kunenepa.

Jike naye hubeba mimba kwa muda wa siku 233 hivi, akazaa Novemba au Desemba. Hapa ndipo penye taabu. Nyasi za huko hustawi zaidi Septemba na Oktoba, wakati kondoo wananyonyesha. Ayala anapohitaji chakula kingi cha kutengenezea maziwa, nyasi katika mashamba mengi zimeanza kukauka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massey wakajaribu kuwalisha chikori na klova nyekundu, mimea ambayo hubaki na majani mazuri majira hayo. Ndama wakakua haraka kuliko wale wa nyasi za kawaida.

Afya nayo ina mambo yake. Ayala akikosa madini ya shaba, miguu ya nyuma hulegea akayumba kama mlevi. Kumbe kinga ni kumpa shaba mapema, kwa mfano katika kidonge anachomezeshwa. Tena kondoo hubeba virusi ambavyo havimdhuru yeye, lakini vikimpata ayala humwua. Wafugaji wa hapa kwetu wanajua jambo kama hilo: nyumbu akizaa, Wamaasai huwahamisha ng'ombe mbali, kwa sababu virusi vya jamii hiyo hiyo hutoka kwa ndama wa nyumbu na kuwaua ng'ombe.

Nilipofika hapo nikaacha kalamu. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Wetu walizaa Agosti, basi walipandwa Machi, na beberu alikuwa akizurura nao kila siku. Haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa hesabu ambayo hakuna aliyeifanya!

Nikamweleza Nyanya. Akacheka, akanituma kwa jirani yetu, mzee wa Kimaasai. Mzee akanionyesha kipande cha ngozi ambacho humfunga beberu chini ya tumbo ili asipande kabla ya wakati. Wazee wake walifanya hivyo zamani sana. Yaani dawa ilikuwa ng'ambo ya ua, nami nimeitafuta hadi Nyuzilandi!

Sasa beberu wetu ana ngozi yake. Tutamfungua Novemba, wanambuzi wazaliwe Aprili, mvua ya masika ikiwa imeotesha majani.

Ndugu msomaji, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kabla ya kumlaumu mnyama wako au bahati yako, uliza: anahitaji chakula kingi mwezi gani, na mwezi huo shamba lina nini?

Kiswahili kitukuzwe!