Chanjo ya Mpox na Hedhi Iliyochelewa

Swali lililofika katika safu hii kutoka Sange, katika bonde la Ruzizi, Kivu Kusini, limeandikwa na mama ambaye binti yake wa miaka 20 alipata dozi ya kwanza ya chanjo ya mpox, ugonjwa ambao wengine huuita ndui ya nyani, kisha hedhi yake ikachelewa siku tisa na hatimaye ikaja kwa wingi asiouzoea. Posa imekwisha kupokelewa, shangazi wa binti anashikilia kwamba sindano hiyo imemfunga kizazi, na mama anauliza kama dozi ya pili iachwe.

Kizazi hakikufungwa. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo halimsaidii mtu, kwa sababu wanawake wengi waliosema kwamba chanjo ilibadilisha hedhi yao wameambiwa kwamba wanawaza tu, na mtu anayekanushiwa jambo alilolihesabu kwa vidole vyake hana budi kutafuta maelezo kwa shangazi. Mabadiliko hayo hutokea kweli, na yana sababu inayoeleweka.

Hedhi haiamuliwi na mfuko wa uzazi peke yake. Sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, hutuma ishara kwa tezi ya pituitari, nayo tezi hiyo huachilia homoni, yaani kemikali zinazosafiri katika damu, ambazo huamsha ovari ili yai lipevuke. Kirusi kinapoingia mwilini, au chanjo inapoufundisha mwili kukitambua, chembe za kinga hutoa kemikali nyingine zinazoitwa sitokini, ambazo ndizo huleta homa na uchovu wa siku mbili tatu, na inaaminika kwamba kelele hizo zikiifikia haipothalamasi kabla yai halijapevuka, kupevuka husogezwa mbele. Kwa kuwa kipindi cha kutoka kupevuka kwa yai hadi damu kutoka hukaribia siku 14 na hakibadiliki sana, yai likichelewa, hedhi nayo huchelewa. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi nao hubomoka na kujijenga upya kwa msaada wa chembe hizohizo za kinga, jambo linaloweza kueleza kwa nini damu huongezeka.

Tafiti kubwa zilizopima jambo hili zilihusu chanjo za korona. Mwaka 2022 watafiti walichapisha hesabu za mizunguko ya watu 19,622 kutoka nchi mbalimbali, wakakuta kwamba kwa wastani mzunguko uliopokea dozi moja ulirefuka kwa muda usiofika siku moja, kisha ukarudi ulivyokuwa. Wastani, hata hivyo, huwaficha wachache: waliosogezwa kwa siku nane au zaidi walikuwa asilimia 6.2 ya waliochanjwa na asilimia 5.0 ya wasiochanjwa, maana yake ni kwamba binti wa Sange si kioja, na kwamba hedhi za namna hiyo huwapata pia wasioguswa na sindano yoyote. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza kwamba hedhi nzito iandikwe miongoni mwa madhara yanayoweza kufuata chanjo za Pfizer na Moderna, na lilisema wazi kwamba halikuona ushahidi wa kuathirika kwa uwezo wa kuzaa.

Ugonjwa wenyewe hauna huruma kuliko chanjo. Kati ya wanawake 177 waliougua korona na kuchunguzwa huko Wuhan, robo walibadilika wingi wa damu, ingawa wengi walirejea hali yao katika mwezi mmoja au miwili. Kuhusu mpox, aina mpya ya kirusi iligunduliwa Kamituga, katika Kivu Kusini hiihii, mwaka 2023, na ilichangia Shirika la Afya Duniani kutangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, kabla chanjo haijaanza kutolewa Goma tarehe 5 Oktoba. Miaka mingi kabla ya hapo, huko Sankuru, watafiti waliwafuata wajawazito wanne waliougua mpox, na watatu kati yao walipoteza mimba. Shangazi anayehofia kizazi anapaswa kuhofia kirusi hicho, kwani kilichomo katika chanjo ya mpox iitwayo MVA-BN hakiwezi hata kuzaliana mwilini mwa binadamu.

Kosa kubwa zaidi lingekuwa kuibebesha chanjo kila kitu. Njaa, kukimbia vita, usingizi wa mashaka, malaria na sindano ya kupanga uzazi vyote huvuruga hedhi, na hedhi iliyochelewa kisha ikaja nzito inaweza kuwa mimba iliyoharibika. Kwa hiyo kipimo cha mimba kifanywe kituoni, kwa faragha, bila kumtia binti aibu, hata kama posa imepokelewa. Ikiwa analazimika kubadilisha kitambaa kilicholowa kila saa, anatoa mabonge makubwa, anatokwa na damu zaidi ya siku nane, au ana kizunguzungu na viganja vyeupe, asisubiri mwezi mwingine, kwa sababu katika bonde ambalo malaria imekwisha kuwapunguzia wengi damu, hedhi nzito hummaliza mtu upesi. Sombe na ndagala humsaidia anayepona, lakini hazichukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma atakavyoandikiwa.

Kipimo kikionyesha kwamba hana mimba na damu imekatika, dozi ya pili ichukuliwe. Hutolewa siku 28 baada ya ya kwanza, na zikiwa zimepita, ratiba haianzi upya. Kuwa katika hedhi siku hiyo si kizuizi pia. Kikionyesha mimba, mchanjaji aambiwe kwanza, ili hatari ya kuambukizwa ipimwe naye. Kwa kuwa hedhi inayofuata inaweza kusogea tena, tarehe yake ya kwanza iandikwe kwenye kadi ya chanjo, karibu na tarehe ya sindano, na mizunguko mitatu ikipita bila utulivu, kadi hiyo ndiyo itakayompa mganga wa kituo mahali pa kuanzia.