SOMO LA 31: FEDHA YA MCHUKUZI

Katika milima ya Masisi watu hulima viazi na maharagwe. Katika msitu wa Walikale hupatikana mawese. Barabara nyingi za huko ni mbaya. Mvua ikinyesha, magari hukwama. Hapo mazao hubebwa kwa baiskeli au kwa chukudu.

Chukudu ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kazi ya mafundi wa Kivu. Haina cheni wala pedali. Penye tambarare mchukuzi huisukuma kwa mguu mmoja. Penye mteremko huipanda. Penye mlima hushuka akaisukuma kwa mikono. Magurudumu yake ni ya ubao, yamevikwa mpira wa tairi kuukuu.

Mchukuzi apatapo fedha kidogo, hutamani kukitengeneza zaidi chombo chake. Lakini fedha hiyo ndiyo ya chumvi, sabuni na dawa ya watoto. Basi kabla ya kununua, na ajiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, kitu hiki kitanilinda? Kutoka Masisi kwenda Sake njia huteremka sana. Mzigo mzito ukishika mbio, mikono haiwezi kuuzuia. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Kikiisha, kibadilishwe kabla ya safari, hata kama fedha ni chache. Uhai haununuliwi.

La pili: Je, kitafaa kwa kazi yangu? Gia humsaidia mtu anayepanda baiskeli na kukanyaga pedali. Anayekwenda kwa miguu akisukuma baiskeli yenye magunia, gia hazimsaidii. Fremu nyepesi nayo ni vivyo hivyo: mzigo ukiwa kilo 100, kupunguza kilo 2 za chuma ni faida ndogo. Lakini gololi katikati ya gurudumu la chukudu ni jambo jingine. Bila gololi, ubao husuguana na chuma. Gurudumu huzunguka kwa shida, tena hulika upesi. Gololi huviringika, na msuguano hupungua. Mchukuzi huona nafuu katika kila hatua.

La tatu: Je, kitarudisha bei yake? Tuseme gurudumu dhaifu la baiskeli huvunjika spoki kila mwezi. Fundi hudai faranga 8,000, na safari moja ya faranga 10,000 hupotea. Hasara ni faranga 18,000 kwa mwezi. Gurudumu imara lauzwa faranga 54,000. Likidumu miezi 3, limerudisha bei yake. Likidumu mwaka, miezi 9 iliyobaki ni faida. Lakini likivunjika mwezi wa pili, mnunuzi amepata hasara. Kwa hiyo amwulize kwanza mchukuzi mwenzake aliyelitumia.

Wahenga walisema: Rahisi ghali. Hata hivyo, si kila kilicho ghali ni bora. Kitu hupimwa kwa kazi yake, si kwa kung'aa kwake.

MASWALI
1. Kwa nini gia hazimfai anayesukuma baiskeli yenye mzigo?
2. Gololi hufanya kazi gani katika gurudumu?
3. Gurudumu la faranga 54,000 likidumu miezi 12, mchukuzi atapata faida ya faranga ngapi?
4. Mchukuzi ana fedha ya kitu kimoja tu: mpira wa breki au gololi. Anunue kipi? Toa sababu.